Chupa ya Akiba kwenye Gari la Baba

Nyumbani, 4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka kichwani kwa miaka minne: kifuniko cha rejeta kikibingirika juu ya mabati ya jirani. Kiliruka, kikatua, kikabingirika taratibu kuelekea kwenye mfereji wa paa, na kwa kitambo kile kifupi sote tuliokuwa uani tulicheka. Kisha Baba akapiga kelele. Nikiwa darasani, wanafunzi wameinama wanaandika, huusikia tena, na kila mara mambo hufuatana vile vile: kicheko kwanza, kelele baadaye.

Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, jino lake la nyuma linamsumbua na hataki kwenda kuling'oa, anasema amezaliwa nalo, jambo ambalo si kweli. Baba yuko kwenye cherehani yake kutwa nzima. Vidole viwili vya mkono wa kulia bado havikunjiki, lakini ameufundisha wa kushoto kushika mkasi, na wateja wapya hudhani alizaliwa hivyo. Mimi nafundisha fizikia kidato cha tatu na cha nne. Simu yako inaita mpaka inachoka, ndiyo maana nakuandikia. Barua huwezi kuiacha iite.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ni wewe uliyeliwekea gari la Baba ile rejeta mpya, kwa kuwa yake ya kuzaliwa ilikuwa imeoza na nyingine ya aina ile haitengenezwi tena. Ni wewe uliyeifungia chupa ya akiba pembeni, ili maji yakipata moto na kutanuka yakimbilie chupani badala ya kumwagika, na yakipoa yarudi. Ulimwambia Baba, nikiwa nimesimama hapo hapo: "Shemeji, ukiona chupa ina maji, rejeta ina maji." Siku ile chupa ilikuwa imejaa na rejeta ilikuwa karibu tupu. Gari likachemka, Baba hakuelewa, akashika kitambaa akafungua kifuniko aone.

Siku ya tatu yake ulifunga karakana, ukamwachia kinyozi kibanda, ukaenda kugawa buti na glavu kwenye stoo ya kiwanda siku mbili kutoka hapa. Hakuna aliyekulaumu. Wewe ulikuwa mshtaki, shahidi na hakimu.

Gari bado liko ubavuni mwa nyumba chini ya turubai. Nataka kulifufua. Nataka kujua kama kazi yako ilikuwa mbaya kweli, na kama haikuwa mbaya, nataka urudi nyumbani ushike spana zako. Nasema mapema ili usije ukadai nilikuzunguka.

Nifundishe kufunga chupa ya akiba.

Mpwa wako.


Stoo, 23 Februari

Profesa, marahaba.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ya stoo ni safi: nikirudi chumbani nanawa mikono mara moja tu, na kipande kimoja cha sabuni kinanitosha miezi miwili. Mlinzi wa geti huja kila Jumatatu kuulizia buti namba tisa, nami humjibu kila Jumatatu kwamba zipo za nane na za kumi. Ananiuliza kama za nane haziwezi kukua. Ndiye rafiki yangu wa karibu huku. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta, na ukuta nimeshauzoea. Mwambie dada yangu jino halina udugu, aling'oe.

Nimefurahi kusikia mkono wa kushoto umejifunza kazi.

Hilo jambo lako liache. Gari lile lina turubai lake, na mimi nina stoo yangu. Mimi si fundi tena. Spana zangu ziko chini ya kitanda cha mama yako, na hapo ndipo zitakapozeekea. Wasalimie wote, na shemeji usimwambie kwamba umeniandikia habari hizi.

Mjomba wako.

Nyongeza: Lakini ukifungua boneti, na najua utaifungua kwa sababu kichwa hicho ni cha dada yangu, usikiguse kifuniko injini ikiwa na moto. Na mpira wa kwenda chupani uzame mpaka chini kabisa ya chupa. Ukiishia juu utanyonya hewa. Basi, nimemaliza.


Nyumbani, 10 Machi

Mjomba, shikamoo.

Jino limeng'olewa. Mama alimwomba daktari amfungie kwenye karatasi aje nalo, na sasa liko juu ya kabati kama mgeni.

Nimekusikia, sitakusumbua tena. Nakuarifu tu kwamba nimepata chupa ya plastiki iliyotoka kwenye gari jingine, yenye mistari miwili ubavuni, wa chini na wa juu. Nimeamua kuifunga karibu na bomba la moshi, pana nafasi nzuri. Nitatoboa matundu manne kwenye mwili wa gari kwa drili ya shule. Mpira nitatumia ule laini wa kumwagilia bustani, tunao wa kutosha. Huna haja ya kujibu.

Mpwa wako.


Stoo, 17 Machi

Weka drili chini.

Salamu zako nimezipokea na marahaba utaikuta huko mwishoni nikitulia. Bomba la moshi! Chupa ya plastiki! Jioni moja tu na utakuwa na uji wa plastiki juu ya injini. Wewe ndiye unayefundisha watoto wa watu mambo ya joto?

Sikiliza. Chupa ikae upande wa betri, mbali na moto na mbali na mkanda wa feni. Kimo chake kiwe sawa na shingo ya rejeta au chini yake kidogo. Usitoboe gari. Gari la zamani halitobolewi ovyo, likianza kutu hapo utalizika. Mbele ya betri pana matundu mawili ya zamani ya honi ambayo siku hizi hayana kazi. Tengeneza kikono cha bati kinachoshika matundu hayo, chupa ikae juu yake. Mpira wa bustani tupa. Tafuta mpira mgumu wa mafuta, ule usiosinyaa ukinyonywa, kwa sababu gari likipoa linanyonya kwa nguvu kama mtoto mwenye njaa. Upande mmoja uvike kwenye kile kibomba kidogo kilicho shingoni mwa rejeta, chini ya kifuniko. Upande wa pili uzame chupani. Kaza kwa vibano kote kuwili. Rejeta ijaze mpaka mdomoni, chupa mpaka mstari wa chini, gari likiwa baridi. Washa, lipate moto, zima, nenda kalale. Asubuhi tazama mstari. Kama maji yalipanda na yakashuka, umefaulu.

Nimechora nyuma ya karatasi. Mchoro ni mbaya kwa sababu nilichorea kwenye boksi la glavu na mtu alikuja kuchukua glavu.

Najua ulichofanya. Bomba la moshi hata mbuzi asingelisogelea. Umenivua kama samaki, nami nimeingia kinywa wazi.

Marahaba.

Mjomba wako.


Nyumbani, 14 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama anasema umeandika karatasi mbili mbele na nyuma, na kwamba hujaandika kiasi hicho tangu ulipokuwa ukimtaka yule mshona vitambaa wa mtaa wa pili. Sikujua habari hiyo. Sasa naijua yote.

Nimekuwa chini ya boneti kila Jumamosi tangu barua yako ifike. Nakiri kwamba kujua kanuni ya mgandamizo ubaoni ni jambo moja, na kukaa na grisi yake kwenye kucha mwezi mzima, usiku na mchana, ni jingine. Wanafunzi wananitazama mikono na hawaulizi. Napenda kazi hii kuliko nilivyotarajia, na hilo limenishangaza. Kuna wakati nimelala kifudifudi juu ya injini, naona nati moja tu duniani, na kichwa changu, ambacho huwa hakinyamazi, kinanyamaza.

Baba kwa wiki mbili alinipita kama anayepita kaburi. Jumamosi ya tatu nilikuwa nakunja bati la kile kikono kwa mara ya nne na limekataa tena. Akatoka dukani kwake na karatasi ya kaki na chaki sikioni. Akapima pale kwenye matundu ya honi, akapima kiuno cha chupa, akakata karatasi kwa mkono wa kushoto, akaijaribisha, akapunguza kidogo, akaijaribisha tena kama anayempima mtu koti. Ikakaa. Kisha akanipa.

"Bati ni kitambaa kigumu tu," akasema. "Ulikuwa unakata bila kumpima mwenye nguo."

Kikono kimekaa sawa mara ya kwanza. Nilipomwuliza kifuniko cha rejeta kilikwenda wapi siku ile, maana shingo imezibwa kwa tambara, alisema kilipotea, akarudi kwenye cherehani.

Mjomba, hakikupotea. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta kifungo cha blauzi kwenye lile kopo kubwa la vifungo, nikakikuta chini kabisa, kimefungwa kwenye kipande cha bitana. Nilidhani amekiweka kwa ukumbusho, kama Mama na jino lake. Nikakichukua bila kumwambia, nikakifunga, nikafanya yote kama ulivyoagiza.

Gari liliwaka. Nusura nilie. Likapata moto, maji yakapanda chupani vizuri. Asubuhi yalikuwa bado yako juu. Nikafungua kifuniko gari likiwa baridi kabisa: rejeta imepungua. Nimerudia mara tatu. Yanatoka na hayarudi. Chupa inajaa, rejeta inakwisha, sawasawa na siku ile. Mpira ni mgumu, umezama mpaka chini, vibano vimekaza. Nimekosea wapi?

Mpwa wako.


Stoo, 24 Aprili

Profesa, marahaba, nyote salama natumaini.

Hujakosea popote. Geuza kifuniko utazame chini yake. Kinatakiwa kiwe na mipira miwili. Wa kwanza uko kwenye springi. Huo unazuia maji yasitoke mpaka joto lipande. Wa pili ni mwembamba, uko juu, chini ya kofia yenyewe, unaziba mdomo wa shingo. Huo ndio unaofanya gari likipoa linyonye maji kutoka chupani, si hewa kutoka nje. Ukikosekana, maji yatakwenda bila kurudi.

Kile kifuniko nilikinunua kipya, na mipira yote miwili ilikuwepo. Niliitazama dukani.

Mpira uliooza hubomoka na kuacha makombo. Uliokatwa huacha ukingo safi. Niambie ukingo ukoje.

Mjomba wako.


Nyumbani, 9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Habari za hapa ni njema. Mitihani imekwisha na nasahihisha mpaka macho yanauma. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba maji huchemka yakichoshwa na moto. Nilimkata alama, baadaye nikamrudishia moja. Mama amelizika lile jino chini ya waridi na sasa anadai waridi limechangamka. Kinyozi aliye kwenye kibanda chako anatafuta mahali pakubwa zaidi, amesema hatakaa sana.

Nimenunua kifuniko kipya, chenye mipira miwili. Maji sasa yanapanda yanashuka. Nimejaribu siku nne: jioni mstari wa juu, asubuhi mstari wa chini. Jana nimeliendesha mpaka shuleni na kurudi, na mshale wa joto umetulia katikati kama mtu aliyeshiba. Walimu wenzangu walitoka kuliangalia. Mwalimu wa historia alisema hatimaye nimeleta kitu kinachomhusu.

Kwa hiyo chupa yako ilifungwa vizuri, Mjomba. Nilitaka kujua, na sasa najua.

Mpwa wako.


Stoo, 20 Mei

Profesa,

Umejibu kila kitu isipokuwa nilichouliza.

Ukingo ukoje?

Mjomba wako.


Nyumbani, 2 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimeianza barua hii mara tano. Sote wazima, na kwa mara ya kwanza sina habari nyingine ya kuweka mbele ya hii.

Ukingo ni safi. Umekatwa kwa mkasi, mduara mzima, bila kuteleza hata mara moja. Katika nyumba hii kuna mtu mmoja tu anayeweza kukata hivyo.

Nilikaa na jambo hili siku tatu. Sikulala vizuri, sikula vizuri, nilimjibu Mama vibaya. Siku ya nne niliingia dukani kwa Baba mchana, wakati hakuna mteja, nikaweka kifuniko juu ya meza ya kukatia. Alikitazama, akasimamisha cherehani. Aliniambia nifunge mlango, kisha akaniambia nisifunge, pana joto.

Ilikuwa hivi. Kifuniko kilipokuwa kipya kilikuwa kigumu kufungua, na ulikuwa umemwagiza atazame maji kila asubuhi. Akaona ukingoni mpira mwembamba umechungulia.

"Nguo yoyote mpya huja na uzi uliobaki," akasema. "Nikadhani ni mabaki ya kiwandani. Nikachukua mkasi nikamalizia. Na nilikata vizuri."

Mjomba, alilisema hilo la mwisho kwa fahari kidogo, halafu akasikia alichosema, akafunika uso kwa ule mkono wa kulia.

Hakujua siku ile. Naomba uliamini hilo, mimi nimeliamini. Kifuniko alikitoa kwenye mfereji wa jirani mwenyewe, bandeji ikiwa bado mkononi, akakiweka tu. Ni karibu mwaka mmoja baadaye dereva mmoja alipokuja kupima suruali, wakazungumza habari za rejeta, dereva akamweleza kazi ya ule mpira wa juu. Baba anasema alimchoma yule mtu kwa pini. Kufikia hapo wewe ulikuwa umeshakwenda, karakana imefungwa, na kila mwezi uliopita neno lilizidi kuwa zito. Mara mbili alipanda basi aje kwako, mara zote mbili akashuka kituo cha kwanza.

Aliniomba nisikwambie. Alisema atakwambia mwenyewe siku mtakapoonana. Nikamwuliza mtaonanaje, ikiwa wewe huji kwa sababu unadhani kosa ni lako, na yeye haji kwa sababu anajua ni lake? Akasema mimi nimesoma sana.

Nilimwahidi. Na sasa nimekuandikia. Sijui kama nimefanya vema. Najua tu kwamba ulijitoa kwenye kazi yako kwa hatia isiyokuwa yako, na kila siku niliyonyamaza nilikuwa najiunga na waliokunyamazia.

Mpwa wako.


Stoo, 30 Juni

Profesa, mwanangu, marahaba.

Nimechelewa. Barua yako niliisoma getini, nikaisoma tena stoo, nikatoa buti mbili za kushoto kwa mtu mmoja na hakuzigundua mpaka jioni.

Kwanza nilicheka. Nilicheka peke yangu nikitazama ule ukuta wangu. Uzi uliobaki! Miaka ishirini na tano nimefunga magari, nimeona watu wametia sukari, wametia sabuni, mmoja aliziba tundu la rejeta kwa ubani. Sijaona aliyeishonea rejeta pindo.

Halafu kicheko kikakatika, nikakasirika siku nyingi. Si juu yake. Angeletwa gari la mtu yeyote, la mpita njia, limechemka na chupa imejaa, kitu cha kwanza ningeomba kifuniko. Ningekwenda kwa jirani kukitafuta kwenye mfereji kwa ngazi. Kwa gari hili sikukiomba, kwa sababu nilishajua mwenye kosa ni nani, na mtu akishajua hatafuti. Mganga hajigangi. Kwa hiyo usinipe usafi wote, nami nina ukingo wangu.

Wiki iliyopita pampu ya maji ya kiwanda ilikufa na fundi wao alikuwa safarini. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wanavyoipiga nyundo. Nikavumilia, nikavumilia, kisha nikasema nipeni bisibisi. Nilinawa mara tatu jioni ile. Sabuni imekwisha.

Sasa nisikilize vizuri. Usimwambie baba yako kwamba najua. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na magoti ya shemeji yangu si ya kuchutama tena. Mwache na heshima yake. Nami kurudi bado sirudi, kwa maana nikiingia uani pale atanisoma usoni. Tumekaa hivi miaka minne, tunaweza kukaa. Mimi sina kinyongo, wewe una gari, dada yangu ana waridi. Yatosha.

Niahidi.

Mjomba wako.


19 Julai

Mjomba, shikamoo.

Bahasha hii haina stempu kwa sababu haikupitia posta. Naiandika juu ya goti langu, ndani ya gari, kwenye barabara iliyo mbele ya geti la kiwanda chako. Mlinzi wako ameahidi kukuletea stoo. Nimemjua kwa miguu.

Nianze na habari za nyumbani, ingawa nyumbani kwa leo hakuna mtu. Mama yupo kiti cha nyuma na mto wake. Baba yupo hapa kando yangu. Duka amelifunga na kuandika kwenye karatasi ya kaki: "Nimekwenda kupima." Mteja mmoja alimuuliza kupima nani, yeye akaendelea kufunga mlango.

Sikukuahidi, kumbuka. Uliniomba niahidi lakini nilikuwa mbali na hukunisikia nikikataa. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, na nilipofika pale uliposema yatosha, nilijua kwamba haitoshi. Baba ananiambia nifiche hili ili usimdharau. Wewe unaniambia nifiche lile ili asiaibike. Kila mmoja ananikabidhi heshima ya mwenzake nimtunzie, na mimi nazidi kuwa kabati la wanaume wawili. Nimekaa na mambo mengi kichwani tangu utotoni, Mjomba, wewe unajua. Haya sikutaka yakae.

Kwa hiyo Jumapili, baada ya chakula, nilisema mezani: "Baba, Mjomba anajua. Nilimwandikia mimi. Amecheka, kisha akajikasirikia yeye mwenyewe." Baba aliweka kijiko chini. Nilitegemea aondoke. Mama ndiye aliyezungumza kwanza, akataka kuelezwa ni nini hicho anachokijua kaka yake. Baba akamweleza mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, bila kukata kona. Ilimchukua muda mfupi sana. Nilishangaa jinsi kitu cha miaka minne kilivyo kifupi kikisemwa.

Mama akasema kopo la vifungo hulifungua kila siku na kifuniko kile amekiona mara mia. "Nilidhani ni kifungo cha koti la jitu," akasema. Akatutazama. "Wanaume wawili wazima, mpira mmoja, miaka minne. Na hakuna aliyeniuliza mimi."

Baba akacheka mpaka akashika meza. Halafu akalia kidogo, nasi tukamwachia nafasi. Halafu akaniuliza likizo yangu inaanza lini.

Tumetumia siku mbili, tumelala mara moja kwenye nyumba ya wageni yenye vitanda vifupi. Nimesimama mara nne kupumzisha injini, na kila mara Baba alishuka kabla yangu, akainama kando ya chupa na kusoma mstari kama anayesoma futi. Maji yanapanda, yanashuka. Hatujaongeza hata tone. Njiani alikuwa akijisemea maneno kimya kimya, midomo ikicheza, na kila baada ya muda akaniuliza kama neno "samahani" latosha peke yake au linahitaji maelezo. Nilimwambia kwa fundi linahitaji maelezo.

Kuna jambo jingine. Kinyozi amehama. Mwenye kibanda alitaka kukipangisha kwa wauza simu. Nilikwenda kwake Jumatatu, nikakichukua kwa jina lako, nikafagia nywele za mtaa mzima, na spana zako nikazitoa chini ya kitanda cha Mama. Zina kutu kidogo mikiani. Jumamosi nitakuwa nakuja kufanya kazi hapo, kama utaniruhusu, na kama hutaniruhusu nitakuja vile vile. Ufunguo mmoja nimebaki nao. Wa pili nimemkabidhi Baba, akupe yeye kwa mkono wake.

Kwa hiyo ahadi ya Baba nimeivunja, na yako nimekataa kuitoa, na usingizi wa jana ulikuwa mzuri.

Mlinzi anasema unatoka saa kumi. Tumeegesha upande wa kushoto, penye kivuli cha ukuta. Hatuna haraka.

Mpwa wako.